Bolti Ikigoma, Nguvu Ije Mwisho

Gari linalolala nje Tanga, Kigamboni, Mombasa au Unguja huliwa na kutu kwa kasi ambayo mwenye gari wa Dodoma au Nakuru haijui. Upepo wa baharini hubeba chumvi, chumvi hukaa chini ya gari pamoja na vumbi na unyevu, na baada ya miaka michache bolti za breki, za shokapu na za ekzosi zote huwa zimevaa ganda la kahawia. Wengine wetu tunalinunua gari likiwa limeshakuja na kutu yake. Kaskazini mwa Japani, hasa Hokkaido, na Uingereza pia, barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi ili barafu isishike. Nchi hizo zote mbili huendesha upande wa kushoto kama sisi, kwa hiyo magari yao mengi huishia huku. Bodi inang'aa, viti havina doa, lakini lala chini utazame uvungu ndipo utajua gari limetoka wapi.

Mwenye gari wa namna hiyo, siku atakapoamua kubadili mwenyewe padi za breki au shokapu, atakutana na bolti iliyogoma. Ninamwandikia huyo: mtu mwenye kisanduku cha spana, jeki na Jumamosi moja, asiye na gereji wala mtungi wa gesi ya kuchomelea. Nimesimama karibu na kazi hizi muda mrefu, na ninaamini bolti nyingi zinazokatika nyumbani zingetoka salama kama zingepewa muda. Mtu huanza na nguvu, ikishindikana anaongeza paipu, na bolti ikikatika ndipo anapokumbuka mafuta. Mpangilio huo ugeuzwe. Safisha, lowesha, gonga, pasha moto pale inapofaa, halafu ndipo uvute.

Kabla ya yote, usalama wako. Jeki ni ya kunyanyulia, haishikilii gari wakati mtu yuko chini yake. Weka gari mahali palipo sawa na pagumu, zuia magurudumu yanayobaki chini kwa mawe au magogo mbele na nyuma, kisha lipumzishe juu ya stendi imara. Bolti iliyogoma ndiyo hatari kuliko kazi nyingine zote za chini ya gari, kwa sababu unavuta kwa mwili mzima na gari linayumba kila unapovuta. Litikise kwa mikono kabla ya kuingia chini. Likionekana kucheza, lishushe uanze upya. Vaa na miwani ya kinga, maana kutu ikigongwa huruka, na ukiwa umelala chali inaangukia machoni.

Sasa tuone kwa nini bolti inashika. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, zaidi ya mara mbili. Kati ya uzi wa bolti na uzi wa nati pana nafasi nyembamba mno, na kutu ikijaa humo inakuwa kabari iliyopigwa pande zote kwa mara moja. Pale bolti ya chuma inapoingia kwenye alumini, kama kwenye injini nyingi za sasa, hali huwa mbaya zaidi: metali mbili tofauti zikikutana na maji ya chumvi, alumini huliwa na kuacha unga mweupe unaobana kama saruji. Sababu ya tatu ni gundi ya uzi ambayo kiwanda hupaka kwenye baadhi ya bolti ili zisilegee. Hiyo haina kutu hata kidogo, na mafuta hayaisaidii chochote.

Kuna jambo moja zaidi ambalo wengi hawalifikirii. Unapokaza bolti, karibu nusu ya nguvu yako humezwa na msuguano ulio chini ya kichwa chake, pale kichwa kinapobanana na chuma. Sehemu kubwa ya iliyobaki humezwa na uzi. Inayofanya kazi yenyewe ya kubana ni kama asilimia 10 tu. Maana yake kwetu ni hii: ukilowesha mwisho wa uzi ukasahau chini ya kichwa, umefanya nusu ya kazi. Mafuta yaingie kote kuwili.

Anza na brashi ya waya. Piga uzi wote unaochungulia nje ya nati mpaka uone chuma, kwa sababu nati italazimika kupita hapo ikitoka, na kila punje ya kutu iliyobaki itaingia ndani ya uzi na kuibana upya. Nimeona nati zikianza kulegea vizuri kabisa, zikazunguka mara mbili, kisha zikakwama moja kwa moja katikati ya uzi mchafu. Safisha pia kichwa chenyewe, pembe zote sita, ili soketi ikae mpaka chini. Soketi iliyokaa juu ya ganda la kutu imekamata nusu ya kichwa tu.

Kisha mafuta. Ile WD-40 tunayoijua wote ilitengenezwa San Diego, Marekani, mwaka 1953, kwa kazi ya kufukuza maji kwenye chuma, na namba 40 ni ya jaribio lililofaulu. Inasaidia, nami siikatai, lakini ukipata kwenye duka la spea mafuta ya kupenya yaliyotengenezwa mahsusi kwa bolti zenye kutu, chukua hayo. Mafundi wengi hutumia dizeli au mafuta ya taa. Hupenya polepole, ila ni bora kuliko kukosa kabisa. Wengine huchanganya mafuta ya giaboksi ya otomatiki na asetoni nusu kwa nusu, na mchanganyiko huo hupenya vizuri, lakini asetoni hushika moto upesi mno na hula rangi na plastiki. Ukiutumia, usahau habari ya moto kwenye bolti hiyo siku hiyo. Mafuta ya breki yaache kwenye chupa yake, yatababua rangi ya gari bure. Na chochote utakachopulizia karibu na gurudumu, funika diski na padi kwa kitambaa kwanza. Padi ikinywa mafuta imekwisha, na gari lisiloshika breki ni balaa kubwa kuliko bolti yoyote.

Mafuta yanataka muda kuliko wingi. Kama umepanga kubadili shokapu Jumamosi, anza kulowesha Jumatano ukirudi kazini, rudia Alhamisi na Ijumaa, tone kidogo kila mara. Katikati ya siku hizo gari linatembea, bolti inapata joto na kupoa, inatikiswa na mashimo ya barabara, na mafuta yanasogea ndani yenyewe. Sijaona dawa iliyo rahisi kuliko hiyo, na ndiyo inayorukwa na watu wengi, kwa sababu mtu hukumbuka bolti akiwa tayari amelala chini yake.

Tuje kwenye spana. Magari ya Kijapani hutumia namba zilezile kila mahali: 10, 12, 14, 17, 19, na 21 kwa nati nyingi za magurudumu. Namba hiyo ni upana wa kichwa, na wengi huidhani kuwa ni unene wa bolti. Kwenye gari la Kijapani, kichwa cha 10 kwa kawaida kiko juu ya bolti ya milimita 6, cha 12 juu ya milimita 8, cha 14 juu ya milimita 10, na cha 17 juu ya milimita 12. Shika spana namba 10 huku ukijua kwamba unachozungusha kina unene wa penseli nyembamba. Bolti hiyo hukazwa kwa takriban Nm 10, na ya milimita 8 ya daraja la 8.8 kwa takriban Nm 25. Mtu mzima akining'iniza kilo 40 kwenye mpini wa nusu mita anatoa karibu Nm 200. Ndiyo maana bolti ndogo za ngao ya joto ya ekzosi hukatika kabla mtu hajaanza kutoka jasho, wakati ile ya 17 ya breki inavumilia paipu.

Kwa bolti iliyogoma tumia soketi ya pembe sita. Ile yenye meno kumi na mawili ndani ni rahisi kuingiza lakini hukamata kichwa kwenye ncha za pembe tu, na ncha hizo ndizo za kwanza kuliwa. Huna soketi inayofika, chukua spana ringi. Spana ya mdomo wazi hukamata sehemu mbili tu na mdomo wake hutanuka ukiivuta kwa nguvu. Spana malaya iache kabisa kwa kazi hii: taya zake hucheza, na mchezo mdogo huo ndio unaokigeuza kichwa kuwa duara. Ukiona soketi inacheza juu ya kichwa, simama hapo hapo. Kutu huenda imekipunguza kichwa, na dawa yake nitaieleza mbele.

Sasa nyundo, ambayo watu wengi huiogopa kuliko paipu, kumbe ndiyo mpole. Weka soketi au kipande cha chuma juu ya kichwa cha bolti, kisha gonga moja kwa moja, sawia na urefu wa bolti, mapigo makavu kadhaa ya nyundo ya kilo moja hivi. Hupigi ili uingize kitu mahali, unapiga ili mtikisiko upite kwenye uzi na kuipasua kutu iwe unga. Mafuta yako ya tangu Jumatano hupata njia papo hapo. Kwa nati, shikilia nyundo moja nzito upande mmoja na upige upande wa pili kwa nyundo nyingine, halafu zunguka mpaka umepita pembe zote. Mwisho wa bolti wenye uzi usiupige ukiwa mtupu, utatawanyika kama uyoga na nati haitapita tena. Rudisha nati mpaka iwe sawa na ncha, ndipo upige.

Halafu ikaze. Ndiyo, ikaze kwanza, kiasi kidogo sana, kama unavyosukuma mlango kabla ya kuuvuta. Upande huo bolti huwa haijasogea tangu ilipofungwa, na kusogea kwa unywele mmoja tu kunavunja ganda la kutu bila kulazimisha uzi kupita kwenye uchafu. Ukisikia imesogea, geuza, legeza. Robo ya mzunguko nje, nusu ya hiyo ndani, mafuta, tena nje. Ikilia kwa sauti nyembamba, inakuambia kwamba uzi umekauka na unakwanguana, basi rudi ndani, ongeza mafuta, subiri dakika chache. Bolti ya namna hii inaweza kukuchukua nusu saa kwa sentimita mbili za uzi. Ipe nusu saa yake.

Na unapovuta, sikiliza mkono. Bolti iliyokwama kwa kutu huwa ngumu kabisa, haina hata dalili ya kusogea, kisha ghafla hutoa mlio mkavu wa "ka!" na kulegea. Mlio huo ni habari njema. Ukihisi badala yake kwamba inasogea polepole kwa ulaini, bila mlio, kama inakubali huku haiji, acha mara moja. Ulaini huo ni wa bolti inayojisokota yenyewe, kichwa kinakwenda na uzi umebaki palepale, na robo ya mzunguko inayofuata itakuachia kichwa mkononi. Vuta kwa mpini mrefu na kwa utulivu ili uweze kuhisi tofauti hiyo. Anayeruka kwa mguu juu ya spana hahisi kitu.

Kuna hisia ya tatu, nayo huwachanganya hata waliozoea. Unazungusha kichwa, kinakwenda kama nyuzi thelathini, ukiachia kinarudi chenyewe. Hapo uko kwenye bushi. Bolti ya chini ya shokapu ya nyuma, au zile zinazoshika mikono ya saspensheni, hupita ndani ya bomba dogo la chuma lililozungukwa na mpira. Kutu imeshika kati ya bolti na bomba hilo, uzi wenyewe hauna kosa, na wewe unasokota mpira. Nati inaweza kutoka kwa ulaini kabisa, na bolti ikakataa kutoka kwenye tundu lake hata ukiigonga mpaka jioni. Hapa ndipo Jumamosi nyingi hufia.

Kwanza jua mafuta yaende wapi. Kuyapulizia kwenye nati hakusaidii. Yanatakiwa kwenye ule mstari mwembamba ambapo ncha ya bomba la bushi inagusa bracketi, pande zote mbili, na kwa kuwa bomba limelala, mafuta huingia taratibu mno. Rudia kwa siku kadhaa. Kisha, kabla ya kufikiria kuitoa, hangaika na kuzungusha tu: kichwa mbele na nyuma, mbele na nyuma, ukiongeza kidogo kila mara, mpaka usikie bolti imeachana na bomba na inazunguka yenyewe bila mpira kurudisha. Ikishazunguka ndipo uitoe huku unazungusha, mwenzako akigonga ncha ya pili ambayo umeirudishia nati. Ukigonga kabla haijazunguka unatawanya ncha na kuharibu bracketi bure. Na moto uwe mwangalifu nao hapa, mpira utaungua na kutoa moshi mzito, kwa hiyo pasha tu pale ambapo bushi yenyewe inakwenda kutupwa. Ikishindikana kabisa, bolti hukatwa kwa msumeno wa chuma au grenda kwenye mwanya kati ya bushi na bracketi, upande huu na upande ule. Lakini usikate kabla bolti mpya na bushi mpya hazijawa mikononi mwako. Gari lililokatwa bolti Jumamosi jioni na duka la spea limefungwa litakaa juu ya stendi mpaka Jumatatu, na watoto wanataka kwenda shule.

Nimetaja moto, tuumalize. Nati ya bolti ya milimita 10 ikipashwa mpaka joto lake lipande kwa nyuzi 200, tundu lake hutanuka kwa kama milimita 0.024. Ni kidogo mno, hata unywele ni mnene zaidi, lakini kutu haiwezi kujinyoosha hivyo, nayo hupasuka. Siri ni kupasha nati, au chuma kinachoizunguka bolti, huku bolti yenyewe ukiiacha iwe baridi kadiri inavyowezekana. Tochi ndogo ya gesi inatosha kwa kazi nyingi za nyumbani. Ikishapata joto, gusisha mshumaa kwenye ukingo wa uzi: nta itayeyuka na kunyonywa ndani, kisha bolti huteleza nayo. Kwa gundi ya uzi ile kali, ambayo mara nyingi ni nyekundu, moto ndio njia yenyewe, kwani hulegea ikifika karibu nyuzi 250. Ile ya bluu hufunguka kwa spana ya kawaida.

Pamoja na hayo, moto una mipaka yake, na mipaka hiyo nisingependa mtu aivuke. Usiuwashe karibu na tangi au mabomba ya mafuta, wala karibu na mipira ya breki au tairi, wala karibu na mwili wa shokapu, ambao ndani una mafuta na mara nyingi gesi iliyosindikwa. Futa kwanza mafuta ya kupenya uliyopulizia. Kama umesafisha sehemu kwa dawa ya kusafishia breki yenye klorini, usiipashe kabisa, kwa sababu ikiungua hutoa gesi ya fosijini yenye sumu ya kuua. Kwenye alumini uwe na hadhari ya pekee: huyeyuka kwenye nyuzi 660 na haiwi nyekundu kukuonya, inakaa na rangi yake ileile mpaka inadondoka. Bahati nzuri hutanuka karibu mara mbili ya chuma, hivyo joto dogo linatosha. Weka ndoo ya mchanga au kizima moto karibu, na usiwe peke yako.

Nati za magurudumu nizitaje kwa ufupi, kwa kuwa adui yake huwa si kutu. Toyota ndogo nyingi hutakiwa kukazwa kwa Nm 103, lakini kijana wa tairi mwenye mashine ya upepo huzikaza mpaka mashine inyamaze. Zilegeze kidogo wakati gurudumu bado liko chini, maana likinyanyuliwa litazunguka nawe. Spana ya tairi iliyokuja na gari ni fupi. Soketi ya pembe sita na mpini mrefu ndivyo vitu vya kukaa kwenye buti. Mwenye lori la zamani la Kijapani aangalie ncha za bolti kabla ya kuvuta, kwani mengine yana uzi wa kinyume upande wa kushoto, na hapo kila unapodhani unalegeza unakaza.

Dramu ya breki ya nyuma nayo hugoma, na watu huipiga nyundo ukingoni mpaka ipasuke. Kwenye Toyota nyingi, tazama uso wa dramu: kuna matundu mawili madogo yenye uzi. Hayo yamewekwa kwa kazi hii hii. Toa breki ya mkono, ingiza bolti mbili za milimita 8, zikaze kwa zamu, nusu mzunguko huku, nusu mzunguko kule, na dramu itajisukuma nje yenyewe bila kelele. Honda nyingi nazo hushika diski kwa skrubu mbili za bisibisi ya nyota, ambazo ni mashuhuri kwa kuharibika kichwa. Usizijaribu kwa bisibisi ya kawaida hata kidogo. Tafuta bisibisi ya kugonga, ile ambayo ukiipiga nyundo nyuma hujizungusha huku ikisukumwa ndani, na kazi itakwisha kwa mapigo machache.

Kama kichwa kimeshaliwa, bado una nafasi, ila usiendelee na spana ileile iliyokila. Chukua soketi ya pembe sita iliyo ndogo kidogo, igongomelee juu ya kichwa kwa nyundo mpaka ishike, halafu vuta taratibu. Kama pana nafasi ya tupa, chonga pande mbili zilizo sambamba na ufunge vaisigripu kwa nguvu zote. Nati iliyoliwa hupasuliwa: ikate kwa msumeno upande mmoja, ukisimama kabla hujafika kwenye uzi, kisha weka tindo kwenye mfereji huo na upige mara moja. Nati hufunguka mdomo na kutoka kwa vidole.

Ikikatika, tuliza moyo na usifanye chochote kwa nusu saa. Kama kisiki kimebaki nje hata kidogo, mtafute fundi wa kuchomelea anayeaminika, aweke nati juu ya kisiki na kuijaza kwa kuchomelea kupitia tundu lake. Nati mpya inakupa kichwa, na joto la kuchomelea linapasua kutu ndani. Acha wekundu utoweke kwanza, ndipo uzungushe taratibu. Mwambie afungue waya za betri kabla hajaanza, kwa ajili ya kompyuta ya gari. Kama imekatikia ndani, kuna zile skrubu ngumu za kung'olea, zenye uzi wa kinyume, zinazoingizwa kwenye tundu lililotobolewa katikati ya kisiki. Sizipendi kwa mtu wa nyumbani. Zimetengenezwa kwa chuma kigumu kinachokatika kama glasi, na kikikatikia mle, drili ya kawaida haitakitoboa tena. Ulikuwa na shida moja, sasa una mbili.

Kuna mahali ambapo nashauri usimame hata kabla ya kukatika. Nipo za kutolea hewa kwenye breki ni tupu katikati na hukatika kwa nguvu ya mkono mmoja, na kaliipa nzima inakwenda nayo. Plagi zilizoshika kwenye hedi ya alumini hung'oa uzi. Bolti za ekzosi zinazoingia kwenye hedi ya injini zikikatika, hedi inaweza kulazimika kushushwa. Kwenye hizo, kama mafuta ya siku kadhaa na mkono wa kawaida vimeshindwa, gharama ya fundi mzuri ni ndogo kuliko ya kurekebisha.

Ukishaitoa, usiirudishe kama ilivyo. Ukiona uzi uliovutika, uliolalia upande au uliovimba kutu, bolti hiyo itupe. Unapotafuta nyingine ya breki au saspensheni, nunua yenye daraja lilelile, soma alama kichwani, na usikubali ile laini ya duka la vifaa vya ujenzi hata kama unene na uzi vinalingana. Safisha tundu kwa brashi, paka grisi ya shaba nyembamba kwenye uzi wa bolti za shokapu na za ekzosi, na kumbuka kwamba uzi uliopakwa grisi hubana zaidi kwa nguvu ileile, kwa hiyo punguza mkono. Bolti za magurudumu hazipakwi grisi wala oili; vitabu vya Toyota vinakataza waziwazi. Zile zilizokuwa na gundi ya uzi zirudishiwe gundi. Ianze kila bolti kwa vidole, mizunguko mitatu au minne bila spana, na ikikataa kwa vidole itoe uangalie kwa nini.

Bolti zinazopita kwenye bushi zikazwe mwisho, gari likiwa limeshuka na uzito wake umekaa kwenye magurudumu, la sivyo mpira utabaki umesokotwa na kupasuka mapema. Baada ya kilomita 50 hadi 100, pitia nati za magurudumu tena kwa spana.